Aptama ya sumu ya staphylococcus kwenye damu: kwanza niambie rangi ya tyubu

Swali limetoka kwa dada mmoja mteknolojia wa maabara, yuko Mbeya, anasoma masters na propozo yake imesharudishwa mara mbili. Nalifupisha: "Shikamoo dokta. Nataka kupima SEB, ile sumu ya Staphylococcus aureus, moja kwa moja kwenye damu ya wagonjwa wa sepsisi (mwili kuzidiwa na maambukizi), kwa aptama ya DNA na chembechembe za dhahabu zinazobadilika rangi. Mfuatano wa aptama nimeutoa kwenye pepa, nitauagiza tu. Sampo zipo tayari kwenye friza, ni plazma za EDTA. Supavaiza anasema wazo zuri, ila mhakiki kaandika maneno mawili tu, haitafanya kazi. Kwanini?"

Marahaba mdogo wangu. Huyo mhakiki ni mvivu, mtu ukimkatalia kazi unamwambia sababu, lakini kwa propozo ilivyo saivi sijui kama ningekupitisha mimi pia. Wazo lenyewe halina shida. Shida ni damu, tena hata kabla ya damu yenyewe shida ni tyubu uliyochukulia hiyo damu, nikaona nianzie hapo maana hapo ndo wengi tunaanguka na mimi nilianguka.

Ila kwanza kwa wale wanaosoma na hawajui aptama ni nini. Ni kipande kifupi cha DNA (au ndugu yake RNA) ya uzi mmoja, mara nyingi herufi thelathini hadi themanini hivi, na kwa sababu haina uzi mwenzake wa kujishikiza nao basi inajikunja yenyewe kwa yenyewe. Chukua ukindu. Ukiwa umenyooka hauna maana yoyote, ukishasukwa unakuwa kawa na kawa ina chakula chake inachokifunika sawasawa. Aptama ni hivyo hivyo, inayoshika sumu ni umbo, sio herufi. Mwaka 1990 makundi mawili Marekani yalifika hapo karibu kwa wakati mmoja, kwa kutumia RNA, Craig Tuerk na Larry Gold kule Colorado, na Andrew Ellington na Jack Szostak kule Boston, na hawa wa pili ndo waliotoa jina, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kukaa sawasawa. (Szostak baadaye alipata Nobeli 2009 ila kwa kazi nyingine kabisa, ya ncha za kromosomu, watu huwa wanachanganya.)

Namna zinavyopatikana ni kama usaili wa kazi. Unatengeneza DNA ya herufi za kubahatisha, tuseme nafasi arobaini, michanganyiko inayowezekana ni 1 na sifuri 24 nyuma yake, kwenye tyubu yako inaingia kama 1 na sifuri 15 tu, unaichanganya na sumu uliyoigandisha kwenye bidi za sumaku, yaani vijipunje vinavyovutwa na sumaku, unaosha, zilizobaki zimeng'ang'ania unazizidisha kwa PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, unarudia tena, raundi nane mpaka kumi na tano. Washindi ndo aptama zako. Sasa shika hili neno maana jibu lote linaning'inia hapa: zile DNA zilishinda usaili ndani ya bafa ile (maji ya chumvi yaliyopimwa), yenye magnesiamu ile, potasiamu ile, joto lile. Hakuna aliyezisaili kwenye damu. Kwa SEB ziko zilizochapishwa, Bruno na Kiel walionyesha toka 2002 kwamba inawezekana, alafu 2012 DeGrasse wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, akatoa aptama ya DNA inayochagua SEB, nahisi hiyo ya pili ndo uliyoiona wewe. Kazi nzuri. Lakini fungua ile sehemu ya mbinu usome bafa, usisome mukhtasari tu.

Haya, tyubu. We ni mteknolojia kwahiyo hili unalijua kuliko mimi ila hujaliunganisha. Tyubu ya zambarau ina K2EDTA, dawa inayozuia damu isigande kwa kunasa kalsiamu, kama miligramu 1.8 kwa kila mililita ya damu. Piga hesabu inakuja milimola 4.5 hivi kwa lita. Kwenye plazma ya mtu kalsiamu yote ni milimola 2.2 mpaka 2.6, magnesiamu 0.7 mpaka 1.0, ukijumlisha hata 4 haifiki. Maana yake EDTA imekula kalsiamu yote imekula magnesiamu yote na bado ina njaa. Aptama yako ambayo ilijifunza kujikunja kwenye magnesiamu unaitia humo ndani inakuwa ukindu umenyooka. Na sio hilo tu, ile K kwenye K2EDTA ni potasiamu, mbili kwa kila EDTA moja, kwahiyo umeongeza kama milimola 9 juu ya zile 4 au 5 za kawaida. Aptama zenye G nyingi zinapenda potasiamu kufa, zinajikunja umbo la ghorofa ghorofa ambalo pengine silo lililoshinda usaili.

Mimi hili lilinila wiki tatu. Nilikuwa na aptama ya sumu ya staph, kwenye bafa inawaka vizuri kabisa, grafu safi mpaka nikaanza kuandika utangulizi wa pepa kichwani. Zikaja sampo kutoka wodi ya hospitali moja, nikaweka, kimya. Nikatia sumu mwenyewe kwenye plazma ya mtu mwenye afya, kimya. Nikasema DNA imeoza, nikaagiza nyingine, nikasubiri, nikaweka, kimya vilevile. Kulikuwa na mzee mmoja wa benchi ya kemia pale, karibu anastaafu, alikuwa amekaa pembeni anakataa sampo kwenye rejista yake, nikamsikia anamwambia kijana wa zamu, "hii potasiamu kumi na nne na kalsiamu karibu na sifuri mgonjwa angekuwa ameshakufa, mtu kamimina kutoka tyubu ya zambarau kuingia nyekundu, mwambie achote upya." Nikabaki nimeshika pipeti. Miaka yote najua hiyo stori ya potasiamu ya uongo, kila mtu wa kemia anaijua, ila haikunijia hata siku moja kwamba kinachomharibia yeye ndo kinachoniharibia mimi. Nikaongeza magnesiamu mpaka ikaizidi EDTA na mwanga ukarudi, sio wote, kama nusu.

Nusu kwa nini? Kwa sababu ukirudisha magnesiamu unakuwa umemwamsha na mwizi. Damu ina enzaimu zinazokata DNA, na DNase nyingi zinahitaji hizo hizo kalsiamu na magnesiamu kufanya kazi, EDTA ilikuwa imewalaza. Kwahiyo huwezi kushinda pande zote, unachofanya ni kuagiza aptama yenye kifuniko upande wa 3', mmoja wa miisho miwili ya uzi wa DNA, herufi T iliyogeuzwa kichwa chini, maana kwenye plazma ukataji mwingi unaanzia mwisho ule, na unafanya kazi haraka, dakika thelathini sio usiku kucha, na plazma unaipunguza kwa bafa. Kuna njia za gharama zaidi, zile DNA zilizogeuzwa kama taswira kwenye kioo ambazo enzaimu hazizitambui, au zenye herufi zilizobadilishwa kama zile za Gold na watu wake, ila kwa masters sahau.

Utaniuliza sasa nitumie tyubu gani. Ya kijani ina heparini, na heparini ni mnyororo wenye chaji hasi nyingi kama DNA yenyewe, inagombania nafasi kwenye sehemu chanya za sumu na pia inaua PCR ukitaka kusoma kwa PCR. Nyekundu unapata seramu, haina dawa ya kuzuia, lakini enzaimu zipo macho zote na damu ikiganda thrombini, enzaimu ya kugandisha damu, inazalishwa, na thrombini inajulikana inapenda DNA za G, aptama maarufu kuliko zote ya mwaka 1992 yenye herufi 15 tu ni ya thrombini. Mimi ningechukua bluu, sitreti, inashika kalsiamu kwa ulegevu kidogo na magnesiamu ukiongeza inabaki kazini. Ila kumbuka ile ni sehemu moja ya sitreti kwa tisa za damu, ikijazwa nusu hesabu imeharibika.

Twende kwenye hesabu ambayo nadhani ndo mhakiki aliiona akachoka kuandika. SEB ina uzito kama dalton 28,000. Tuseme mgonjwa wako ana nanogramu 1 kwa mililita, na hapo nimekuwa mkarimu, hiyo ni pikomola 36. Aptama nyingi zilizochapishwa zinashika kwa nguvu ya makumi ya nanomola (kiwango cha sumu kinachotakiwa ili nusu ya aptama ziishike), tuseme 50, yaani pikomola 50,000. Gawanya. Katika kila aptama 1,400 hivi, moja ndo ina sumu mkononi na 1,399 zimekaa bure, alafu unataka rangi ibadilike uione kwa macho. Haiwezekani, hata ungekuwa kwenye maji safi. Ndo maana nikiona watu wanasema mbona kuna sensa za aptama zinasoma damu ya panya akiwa hai tena papo kwa papo, kweli zipo, kundi la Soh kule Santa Barbara walionyesha 2013 na dawa za doksorubisini na kanamaisini, mimi nawaambia angalieni dozi, dawa inakaa kwenye damu kwa mikromola, na mikromola 1 ni mara kama 28,000 ya hiyo pikomola 36 yetu. Sio aina moja ya tatizo kabisa.

Lakini hesabu hiyo hiyo ukiigeuza inakupa njia. Usiulize aptama ngapi zimeshika sumu, uliza sumu ngapi zimeshikwa. Ukijaza aptama mpaka nanomola 500, yaani mara kumi ya nguvu yake ya kushika, sumu asilimia 90 hivi inanaswa hata kama aptama nyingi ziko bure. Kwahiyo aptama unaigandisha kwa wingi kwenye bidi za sumaku kwa biotini, molekuli ya kuunganishia, unachukua mililita nzima ya plazma, unanasa, unaosha, unabakiza maikrolita 50, hapo umekusanya mara ishirini na uchafu mwingi wa damu umeuacha kwenye sinki. Baada ya hapo unaweka mkono wa pili, aptama nyingine inayoshika upande mwingine wa sumu au kingamwili yenye HRP, enzaimu inayotoa rangi, unasoma kama ELISA ya kawaida, kile kipimo cha pleti cha kingamwili, kwenye mashine mliyonayo. Sio ya kuvutia kama rangi ya dhahabu, najua, kwenye poster haipendezi, ila inapima.

Na dhahabu iache. Sio kwamba siipendi, kwenye maji inafanya kazi na wanafunzi wanaifurahia, nyekundu inageuka zambarau unapotia chumvi na DNA imeondoka juu yake. Kwenye plazma protini zinazikimbilia zile chembe zinazivisha koti ndani ya sekunde, albumini peke yake ni gramu 35 mpaka 50 kwa lita, na chembe iliyovaa koti ukiitia chumvi haigandi tena, inabaki nyekundu uwe umeweka sumu au hujaweka. Alafu sampo iliyohemolaizi (seli nyekundu zimepasuka) kidogo tu, na za wodini utazipata nyingi, himoglobini inafyonza mwanga kwenye nanomita 540 na 577 wakati dhahabu unaisoma 520. Unasoma nyekundu juu ya nyekundu.

Hapa pana jambo ambalo sijaliona kwenye propozo yako na lingekuumbua hata kama vingine vyote ungeviweka sawa. Umeandika kundi la kulinganisha ni wachangia damu wenye afya. Hapana dada. Mtu mwenye sepsisi damu yake inajaa DNA na histoni zilizomwagwa na seli nyeupe zinazokufa zikipigana, histoni, protini ambazo DNA huzizunguka ndani ya seli, zina chaji chanya, DNA ina chaji hasi, zinanasana kama gundi, haijalishi herufi ni zipi. Utapata signali kubwa kwa wagonjwa na ndogo kwa wachangiaji, takwimu zitang'aa, utasherehekea, na utakuwa umepima histoni. Kundi lako la kulinganisha liwe watu wenye sepsisi ya kitu kingine, kalcha (damu iliyooteshwa) imetoa bakteria kama E. coli au Klebsiella, wagonjwa hivyo hivyo, homa hivyo hivyo, ila bakteria wao hana SEB. Signali ikiwaacha hao ikachagua wa staph, hapo hata mimi nitasimama.

Kontroli nyingine ambayo ni lazima ni aptama iliyovurugwa, herufi zile zile idadi ile ile ila mpangilio umechanganywa, iagize siku moja na ile halisi. Na sumu nyingine za staph zilizo ndugu, SEA, SEC, TSST-1, maana SEC na SEB zinafanana sana. Usidhani nakuwa mkali bure. Mwaka 2019 kundi la Juewen Liu kule Waterloo, Canada, walichukua aptama ya aseniki iliyokuwa imetumika kwenye mapepa mengi tu ya sensa, wakaipima kwa njia kadhaa, wakakuta haishiki aseniki kabisa. Watu walikuwa wanaona rangi ya dhahabu ikibadilika kwa sababu aseniki yenyewe inakaa juu ya dhahabu. Kwahiyo ile aptama uliyoikuta kwenye pepa, kabla ya damu, kabla ya kila kitu, ithibitishe kwa njia isiyo na dhahabu, na kwenye bafa ile ile iliyosailiwa.

Sasa nikupe na moyo kidogo usije ukafunga laptop. Kuna mahali aptama ina haki kabisa ya kuishinda kingamwili kwenye staph na hilo uliandike kwa herufi kubwa kwenye utangulizi. Staphylococcus aureus ana protini A, na kazi ya protini A ni kukamata mkia wa kingamwili. Ukifanya ELISA ya kawaida, protini A iliyopo kwenye sampo inashika kingamwili zako za pleti na inashika na ya HRP, inafunga sandwichi bila sumu kuwepo, chanya ya uongo, wanaopima SEB kwenye chakula wanaijua hiyo adha. Aptama haina mkia wa kukamatwa. Na DNA iliyokaushwa inasafiri bila barafu, kifurushi kikikaa siku kadhaa njiani au kwenye foleni ya forodha kinafika kizima, kingamwili ikikaa hivyo we unajua, na umeme ukikatika wikendi huna haja ya kukimbia na jenereta.

Ila usiahidi kwamba jibu hasi maana yake hakuna sumu. Watu wazima wengi tayari wana kingamwili dhidi ya sumu za staph, tumeishi na huyu mdudu puani toka utotoni, kwahiyo sumu inayoingia kwenye damu inafunikwa na aptama haioni kitu. Nyingine inakuwa imeshaondoka kwenye plazma imejibandika kwenye seli, ndo kazi ya hizi sumu, zinaunganisha seli mbili za kinga kwa nguvu mpaka seli T asilimia 20 au zaidi zinawaka kwa mpigo wakati kitu cha kawaida kinawasha chache mno. Kiasi kidogo kinatosha kumwangusha mtu na hicho kidogo hakibaki kikielea kukusubiri wewe.

Kwahiyo ningekuwa wewe ningeipanga hivi. Mwaka wa kwanza usiguse plazma ya mgonjwa. Chukua wale S. aureus waliotoka kwenye kalcha za damu hapo hospitalini, mnazo kwenye gliseroli, waoteshe usiku kwenye brothi, zungusha, chukua maji ya juu, humo aina inayotoa SEB inatoa kwa mikrogramu, ni mara elfu ya ile nanogramu tuliyokuwa tunahangaika nayo na hesabu ya aptama inakaa. Fanya sambamba PCR ya jeni la seb, lile linalotengeneza sumu. Jeni lipo na sumu ipo, jeni lipo sumu haipo, hiyo peke yake ni tasnifu nzuri, na daktari wa wodi inamwambia kitu, kwamba huyu mdudu aliyekuwa kwenye damu ya mgonjwa wake ana uwezo gani. Kisha sura ya mwisho unaingia kwenye damu, plazma za sitreti mpya, unatia sumu ya kiasi unachokijua, unaonyesha unarudishiwa asilimia ngapi. Zile za EDTA kwenye friza usizitupe, ni mfano wako mzuri wa kuonyesha kinachotokea ukiongeza magnesiamu na usipoongeza.

Sumu yenyewe anza kuiulizia leo. SEB ipo kwenye orodha ya Marekani ya sumu zinazodhibitiwa, kuinunua kutoka nje kuna makaratasi na kamati ya usalama ya chuo lazima isaini, mwanafunzi mmoja ninayemfahamu alisubiri kibali muda mrefu kuliko alioutumia kwenye majaribio. Ziko zilizobadilishwa makali yakaondolewa na ni rahisi zaidi kuzipata, ila sehemu iliyobadilishwa inaweza ikawa ndo hiyo aptama inaposhika, uliza kabla hujalipia.

Na kwenye fomu ya sampo ongeza visanduku vitatu: rangi ya tyubu, saa damu ilipotolewa, saa ilipozungushwa. Nesi atalalamika. Mwambie ni mimi nimesema.